Moshi wa Kilima Kitupu

Asubuhi ya Jumatatu, Mtunzaji alipofungua mlango wa chumba cha kuhifadhia nyaraka za chuo kikuu, alinusa moshi. Alisimama pale pale na funguo mkononi, akanusa tena. Mtu wa kazi ile huvumilia mchwa, panya, paa linalovuja na hata maneno ya wakubwa, lakini moshi havumilii. Hakupiga kelele. Alirudi ukumbini akamwita Fundi.

Fundi alikuwa mzee wa kukarabati karatasi, mwenye vidole vilivyokaukiwa na gundi. Alikuja na brashi yake imechomekwa sikioni kama seremala. Walipapasa kuta, wakanusa swichi za taa, wakapanda ngazi kunusa dari.

"Huu si moshi wa nyaya," Fundi alisema. "Huu ni wa kuni. Kuna mtu anapika."

"Anapika wapi humu, mzee wangu?"

"Sasa hapo ndipo pua yangu inapokwama."

Wakaanza kunusa maboksi, rafu kwa rafu, kama watu wanaochagua samaki sokoni. Barua za wakuu wa chuo waliopita zilinuka vumbi. Mitihani ya zamani ilinuka mende. Walipofika kwenye mkusanyo wa Mpima, wote wawili wakasimama bila kuambiana.

Mpima alikuwa ndiye aliyekipima kilima kabla chuo hakijajengwa juu yake. Alipofariki, watoto wake walileta vitu vyake vyote hifadhini: ramani, minyororo ya kupimia, darubini yake na picha alizopiga. Chuo kiliuona mkusanyo ule kama cheti chake cha kuzaliwa. Picha moja hasa ilikuwa na heshima. Ilichapishwa kwenye kalenda ya chuo kila mwaka, na nakala yake kubwa ilitundikwa nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Ilikuwa picha ya kilima, majani marefu, anga pana, na chini yake Mpima alikuwa ameandika kwa wino mweupe, kwa mkono wake mwenyewe: Kilima kitupu kabla ya ujenzi.

Upande wa kushoto wa picha palikuwa na vijinukta ambavyo miaka yote watu walidhani ni vumbi la lenzi. Kutoka kwenye nukta moja moshi ulikuwa unapanda.

"Kuvu," Fundi alisema.

Aliibeba picha hadi mezani kwake, akachovya pamba kwenye maji safi, akaufuta moshi taratibu, kuanzia juu kwenda chini, kama alivyofundishwa ujanani. Ukatoka wote. Jioni aliirudisha kwenye boksi na roho yake imetulia. Kesho yake moshi ulikuwapo tena, mnene kuliko jana. Akaufuta. Keshokutwa ulitokea pembeni kidogo, upande wa pili wa nukta, kama mtu aliyehamisha moto kuukwepa upepo. Fundi akaiweka pamba chini, akachukua kioo cha kukuzia.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mtunzaji kwa sauti ya chini.

"Bosi, njoo uone. Siku tatu hizi nimekuwa nikimzimia mtu moto wake."

Ndani ya kioo, nukta ilikuwa nyumba. Ilikuwa na mlango na paa la nyasi, na nje ya mlango mwanamke alikuwa amechutama mbele ya mafiga matatu, akipuliza. Picha nzima ilikuwa nyeupe na nyeusi, isipokuwa kaa moja chini ya chungu, ambalo lilikuwa jekundu, na kila mwanamke alipopuliza lilizidi kuwa jekundu. Mtoto wa kike alikuwa ameshika upindo wa nguo yake. Nukta nyingine zilikuwa nyumba nyingine. Upepo ulipita, majani ya kilima kizima yakalala kisha yakainuka. Kivuli cha wingu kilipanda mteremko, kikaifunika nyumba, kikaenda zake.

Mtunzaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fundi alikuwa amevua kofia bila kujua. Walikaa vile mpaka chai yao ikapoa, wakisikiliza, maana mtu akiinamisha sikio karibu aliweza kusikia kuni zikilia.

"Mungu ni mkubwa," Mtunzaji alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma namba za maboksi. Kisha akaenda kumwambia Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa adabu, mwenye suti iliyopigwa pasi na kalamu iliyofungwa vizuri. Aliinama juu ya kioo, akatazama.

"Anafanya nini pale?"

"Anapika, mheshimiwa."

"Lakini maelezo yanasema kilima kitupu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi picha inaharibika."

Hakusema vile kwa ubaya. Watu wengine wakiona kitu kinabadilika husema kinaishi. Watu wa hifadhi husema kinaharibika, na dawa wanayoijua ya kitu kinachoharibika ni baridi. Siku ile ile Mkurugenzi akaagiza picha ihamishiwe chumba cha baridi.

Chumba kile kilikuwa kwenye kona ya mwisho ya jengo. Mlango wake ulikuwa mzito kama wa bucha, na mashine yake haikuzimwa mchana wala usiku. Humo mlikaa filamu na picha za kale. Aliyeingia alivaa koti zito na hakukaa sana. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa mfukoni mwa Mkurugenzi, ambaye kila asubuhi alifungua mwenyewe na kila jioni alifunga mwenyewe.

*

Makoti meupe ya kazini yalikuwa na tabia ya kutoboka mifuko kwa sababu ya penseli. Yakishatoboka, Mtunzaji aliyavusha barabara hadi kwa Mshonaji, mjane wa makamo aliyekuwa na kibanda cha kushonea ubavuni mwa duka la dawa. Miwani ya Mshonaji ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa mtu wa sala, na watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na haraka ya kusema.

Alilichukua koti la kwanza, akalinyoosha juu ya cherehani, kisha akalisogeza puani. Akakaa nalo pale.

"Mwanangu, mnachoma nini huko kwenu?"

"Hatuchomi kitu, mama. Kwetu hata kiberiti ni kosa."

"Kuna kuni hapa. Na kuna maganda ya machungwa yaliyokaushwa." Akanusa tena. "Mama yangu alikuwa akiyatupa motoni jioni kufukuza mbu. Harufu hii sijaisikia tangu niko hivi." Akaonyesha kimo chake kwa kugusa gurudumu la cherehani.

Mtunzaji aliyaweka chini makoti mengine. Alivuta kigoda, akakaa.

Mshonaji akamweleza, huku akitunga uzi kwenye sindano. Kwao kulikuwa kilimani, kabla ya chuo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, wakamzika karibu na nyumba, na haukupita muda wakahamishwa. Baadaye ukuta ukajengwa na majengo yakapanda. Baba yake hakupata tena ruhusa ya kuingia. Kila walipopita barabarani, mzee alisimama mbele ya ukuta, akavua kofia, akauambia ukuta: "Hujambo, mama watoto? Sisi wazima." Walinzi walimzoea, wakawa wanamwitikia wao, "Hatujambo, mzee, nenda." Akafa bila kumwonyesha binti yake kaburi.

"Nikimaliza kumwomba Mungu afya ya wanangu na wajukuu, naombaga kitu kimoja tu," Mshonaji alisema. "Nijue mama yangu amelala wapi. Nimwombee pale pale alipo. Nimechoka kuuombea ukuta."

"Njoo kesho," Mtunzaji akamwambia. "Ubebe kitambulisho."

*

Alikuja asubuhi, amevaa nguo ya kwendea ibada. Akaacha mkoba wake kwenye kabati, akanawa mikono, akapewa penseli, maana humo kalamu ya wino hairuhusiwi.

"Niandike nini na hii?" akamuuliza Fundi. "Mimi nimekuja kumwona mama."

"Ishike tu, Bi Mkubwa. Humu ndani asiye na penseli anaonekana mwizi."

Mtunzaji akaileta picha ikiwa juu ya kibao, bado ina ubaridi wa chumba ilikotoka, akaiweka mezani, akaweka kioo juu yake. Mshonaji akainama.

Hakulia wala hakushtuka. Alitazama kama mtu anayetazama chungu kilichokaribia kuiva.

"Ndiye," akasema. "Na yule mwenye kamasi ni mimi."

Walimwachia nafasi. Katika picha jua lilikuwa kali, vivuli vya nyumba vilikuwa vifupi na vyeusi. Lakini mwanamke alikuwa amejitanda nguo mbili mabegani, amekaa karibu kabisa na moto, na mtoto amemweka kati ya magoti yake. Mabega yake yalitikisika. Akatulia. Yakatikisika tena.

"Anakohoa," Mshonaji alisema. "Mbona amejifunika hivyo, na jua lote hilo?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Picha hii mnaiweka wapi ikitoka hapa?" Mshonaji akauliza.

"Chumba cha baridi, mama."

Mshonaji akaiweka penseli chini, sambamba na ukingo wa meza.

"Baba alitueleza," akasema. "Mama alikufa kwa kifua. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Watu wa bondeni walikuwa wanalala nje kwa joto, na sisi kilimani maji ya mtungini yalikuwa yanaganda. Ilikuwa juu yetu tu. Watu wakasema tumelogwa. Baba akamshuku jirani yake, rafiki yake wa tangu utoto, wakagombana, hawakusalimiana mpaka walipoingia kaburini wote wawili." Akawageukia. "Kumbe ni nyinyi."

Aliyasema hayo bila ukali, kama mtu aliyejua hatimaye nani aliazima ndoo yake. Fundi alivuta kiti, akaketi mbali na meza, na kwa siku ile hakufanya tena mzaha.

Mkurugenzi alimpokea Mshonaji vizuri ofisini kwake, akamvutia kiti. Nyuma yake kilima kilikuwa ukutani, kikubwa, ndani ya fremu.

"Baba," Mshonaji alisema, "nakuomba umtoe mama yangu kwenye baridi."

"Pole sana, mama. Nimeelezwa. Lakini lililopita limepita. Mzazi wako alishafariki zamani."

"Hata mimi nilijua hivyo, mpaka leo nilipomwona anakohoa."

Mkurugenzi alikunja mikono. Alikuwa mtu mkweli, akafikiri kweli. "Tukiiacha nje, picha itaharibika."

"Ikiharibika itakuwaje?"

"Itaendelea kubadilika."

"Sasa huko si ndiko kuishi, baba?"

"Huenda," Mkurugenzi akasema. "Lakini mimi nimekabidhiwa picha. Sikukabidhiwa watu." Kisha, kwa upole, akaongeza kwamba kanuni inamruhusu msomaji yeyote kukaa na waraka mezani kwa saa zote za kusomea, na kwamba hatamzuia.

Basi Mshonaji akafunga kibanda, akaning'iniza kadibodi iliyoandikwa Nimetoka Kidogo, na akawa msomaji. Alifika kabla mlango haujafunguliwa na aliondoka alipoambiwa wanafunga. Fundi aliihamisha meza yake hadi dirishani, mahali jua linapoingia, jambo ambalo ni mwiko katika kazi ile, kwa kuwa jua hula picha. Mtunzaji aliona, akageuka kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Na kwenye picha mambo yalibadilika. Asubuhi mwanamke alitoka nyumbani amejikunyata, midomo imemkauka. Jua la dirishani lilipokwisha kuipasha picha, aliiondoa nguo ya kwanza, kisha ya pili. Akanyoosha miguu. Adhuhuri alikuwa anafagia, anabishana na jirani, anamkimbiza mtoto na ufagio kwa kosa ambalo Mshonaji alilikumbuka. "Nilimwaga maji ya kunywa," alimnong'oneza Mtunzaji. "Nilikuwa mtundu mimi, usinione hivi." Jioni, kengele ya kufunga ikilia, Mshonaji aliisogeza miwani yake, akaiangalia nyumba ile kwa mara ya mwisho, na Mkurugenzi akaja na ufunguo.

Siku moja jua likiwa utosini, mwanamke alikuwa anaanika nguo. Akasimama. Akaweka mkono juu ya macho, akatazama juu. Hakutazama kilele wala mawingu. Alitazama moja kwa moja kwenye kioo.

Mshonaji hakusogea. Fundi aliyekuwa anapita na gundi akasimama palepale. Mwanamke akamwinua mtoto, akamweka begani, akamwonyesha kwa kidole. Mtoto akaangalia juu, mdomo wazi.

"Nakumbuka hii," Mshonaji alisema.

Alikumbuka bega la mama chini yake na harufu ya nguo mbichi. Alikumbuka anga lote limejaa uso: uso wa mwanamke mzee, mkubwa kuliko kilima, mpole, mwenye miduara miwili ya mwanga machoni, na upande mmoja wa miduara ile umefungwa kwa uzi. Mama yake alimwambia, "Usiogope. Anatutazama tu." Hakuogopa. Tangu siku ile, katika kila shida, katika kufiwa na mume, katika njaa na katika kuuguza, alipofumba macho kuomba uso ule ndio uliokuja. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuambiwa anakufuru.

Sasa aliuona tena, kwenye kioo cha kukuzia, ukimrudia.

Ukumbini kote hapakusikika kitu, hata mashine ya chumba cha baridi ilionekana kama imeshika pumzi. Kisha akatabasamu kwa yule mtoto, taratibu, maana alikumbuka kwamba uso ule ulitabasamu.

"Imani yangu haikupungua," alimwambia Mtunzaji baadaye, wakiwa wananawa mikono. "Mungu akitaka kumtazama mtu hutuma aliye karibu. Siku ile aliyekuwa karibu ni mimi."

*

Kila mwaka hifadhi ilifungwa wiki moja kwa ukaguzi wa wakubwa. Wasomaji hawakuruhusiwa, wafanyakazi walipewa likizo, na kila kitu kilirudi rafuni mwake. Tangazo lilipobandikwa mlangoni, Mshonaji alilisoma, akalisoma tena, akamgeukia Mtunzaji.

"Wiki nzima hataimaliza, mwanangu. Kifua chake nakijua. Iache dirishani tu."

Mtunzaji akaenda kwa Mkurugenzi. Aliongea naye mlango ukiwa umefungwa, na waliokuwa nje wakasikia sauti ya Mtunzaji ikipanda, jambo ambalo halijapata kutokea. Mkurugenzi alisema wakaguzi wakikuta waraka juani atafukuzwa yeye na wao, na mkusanyo wote utahamishiwa mahali ambapo hata dirisha hakuna. Alikuwa hasemi uongo.

Jioni ile Fundi ndiye aliyeifunga picha. Chini ya kifuniko cha boksi alitandaza pamba, na juu ya pamba kipande cha sufu alichokikata kutoka kwenye koti lake mwenyewe.

"Ndicho ninachoweza, Bi Mkubwa," akasema.

"Mungu akulipe," Mshonaji akamjibu. Aliushika mlango wa chumba cha baridi kwa kiganja baada ya kufungwa, akasema, "Hujambo, mama? Sisi wazima." Hapo ndipo aliposikia kwamba sauti yake ni ya baba yake.

Hifadhi ilipofunguliwa tena, Mtunzaji alipita chumba cha kuhifadhia akivuta hewa kwa nguvu. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na harufu ya karatasi, kama zamani, kama inavyotakiwa.

Mshonaji alikuwa tayari amekaa, penseli mkononi. Wakaiweka picha, akainama. Mafiga yalikuwa na majivu. Watu walikuwa wamesimama nje ya nyumba, vichwa chini, na katikati yao mwanamume amevua kofia. Jirani yake alikuwa amesimama mbali, peke yake, hajaruhusiwa kusogea. Mbele ya mwanamume palikuwa na tuta la udongo mpya. Mtoto alikuwa anachungulia anga huku na huku, akitafuta.

"Nipo," Mshonaji akamwambia. "Nilifungiwa nje."

Vigingi vya Mpima vilikuwa vimeshasimikwa, na kamba imevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Moja ilipita juu ya tuta lenyewe. Fundi akaleta ramani ya Mpima, akailaza kando ya picha, na wao watatu wakafuata kamba kwa kidole, kutoka mteremkoni hadi ilipokunja kona. Ile kona ilikuwa kona ya jengo lao. Tuta lilikuwa ndani yake.

"Chumba cha baridi," Mtunzaji akasema.

Mshonaji akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokuwa akikiomba maisha yake yote, naye akashukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha ndipo akalia.

Siku zilizofuata nyumba zilibomolewa, moja baada ya nyingine. Watu walishuka kilima na milango vichwani, na mafiga, na kuku. Wa mwisho alikuwa mwanamume mwenye kofia mkononi, na begani mwake mtoto anayetazama nyuma na juu. Mshonaji aliinua mkono. Mtoto akainua wake. Kisha wakafika ukingo wa picha, wakatoka. Tuta likakanyagwa na mafahali wa kuburuta mawe, majani yakaota juu yake, na upepo ukapita.

Mkurugenzi akaja kutazama. Alifurahi.

"Mnaona? Baridi imefanya kazi. Picha na maelezo sasa vinalingana."

"Baba," Mshonaji akamwambia, "naomba neno moja liongezwe pale chini. Kwamba palikuwa na watu."

"Mama, yale ni maandishi ya Mpima kwa mkono wake. Sisi hatusahihishi. Tunahifadhi."

"Lakini si kweli."

"Tazama mwenyewe," Mkurugenzi akasema, tena kwa huruma.

Akatazama. Majani marefu, anga pana. Kilima kilikuwa kitupu kabisa. Kalenda ya mwaka uliofuata ikachapishwa ikiwa na picha ile, nzuri kuliko miaka yote, haina hata doa.

Mshonaji akarudi kibandani, akaiondoa kadibodi. Alishona blanketi la sufu, zito, la vipande vya makoti yaliyochakaa, na pembeni akalitia upindo wa rangi ya kaa la moto. Akalivusha barabara.

"Naomba litandikwe mle," akamwambia Mtunzaji. "Sakafuni, kwenye kona."

Mkurugenzi alieleza kwamba katika chumba cha baridi hakilali kitu kisicho na namba. Kikitolewa kama zawadi kwa hifadhi, hapo sawa, kitapokewa. Mshonaji akakubali. Blanketi likapewa namba, likakunjwa, likawekwa ndani ya boksi la kijivu, na boksi likawekwa rafu ya chini kabisa, ile inayokaribia sakafu. Maelezo yake yanasema: Blanketi, halijatumika.

Mshonaji huja siku za ibada. Hunawa mikono, huchukua penseli, husimama mbele ya mlango ule mzito na kuomba bila sauti, na wafanyakazi wenye vitoroli humpitia pembeni. Mashine haijazimwa. Kila asubuhi Mkurugenzi hufungua kwa ufunguo wake, na Fundi huingia wa kwanza kukagua kipimajoto. Hulikuta blanketi limetandikwa sakafuni kwenye kona, limenyooshwa vizuri, lina mkunjo katikati kama wa mtu aliyelala ubavu. Hulikung'uta, akalikunja kwa kufuata mikunjo yake, akalirudisha kwenye boksi lenye namba. Hufanya hivyo bila kuvaa glavu, kwa sababu blanketi huwa bado lina joto.